Mbona Serikali Haiko CRB?

Kopa elfu mbili kwa simu, ukose kulipa, halafu uone. Siku ya kwanza ujumbe ni wa upole. Siku ya kumi upole umekwisha. Baadaye jina lako linatua CRB, na kuanzia hapo kila benki unayobisha hodi inakutazama kama mwizi wa kuku. Kuna waajiri watakuitisha cheti cha CRB kabla hata hawajauliza unajua kufanya nini. Yaani elfu mbili tu, msee.

Sasa fikiria mdeni mwingine. Huyu anadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 500. Ana majengo, ana misafara ya magari, ana walinzi, na kila mwezi anakusanya pesa zako kwa nguvu ya sheria. Jina lake halijawahi kufika CRB. Dalali hajawahi kusimama langoni pake na nyundo. Na haya yote hayamzuii kupanda jukwaani, kushika maikrofoni na kukuambia wewe kijana uache kulalamika, ujiajiri.

Hizo bilioni 500 na ushee ndizo wizara na mashirika ya serikali kuu yalikuwa hayajawalipa wafanyabiashara na wakandarasi kufikia katikati ya 2024. Kaunti 47 zilikuwa na deni lao kando, zaidi ya bilioni 170. Kwenye ripoti huitwa malimbikizo ya madeni. Jina lenyewe linaleta usingizi, na nashuku hilo linawafaa wanaodaiwa. Mtaani tuna neno fupi zaidi: kuzungushwa.

Kila mwaka tunafanyiwa makongamano ya kuuliza kwa nini uchumi haupumui. Kwa nini anayeuza bidhaa nje anakwama? Soko la Ulaya ni gumu. Kwa nini benki hazikopeshi? Wakenya hawalipi. Kwa nini waajiri hawaajiri? Vijana hawana ujuzi. Maswali matatu, majibu matatu, chai na mandazi, watu wanaenda nyumbani. Mimi nasema ukiifuata pesa yenyewe, shilingi kwa shilingi, maswali yote matatu yanakufikisha kwenye mlango mmoja. Serikali imeshika pesa za watu na haizirudishi. Hicho ndicho kizingiti kikubwa, na ndicho hakitajwi kwenye kongamano, kwa sababu mwenyewe ndiye mgeni wa heshima.

Najua ninachosema kwa sababu kazi yangu ni vitabu vya hesabu. Si kwenye ofisi za vioo kule Upper Hill. Natunza hesabu za biashara ndogo sita hapa Nairobi, kwa ada ya mwezi, laptopu ikiwa mezani kwangu na risiti zikiwa kwenye karatasi za kaki. Mhasibu wa biashara ndogo ni kama daktari wa kliniki ya mtaa. Haoni magonjwa ya ajabu. Anaona ugonjwa uleule kila siku.

Mmoja wa wateja wangu nitamwita Mama Sare. Ana karakana ya kushona Kariobangi. Miaka michache iliyopita alikuwa na mafundi wanane, cherehani kumi na ovaloki mbili. Alipata tenda kwa kaunti moja, ya kushona shuka za hospitali na sare za wafanyakazi. Tenda ya milioni moja kabla ya VAT. Kitambaa kilimla laki sita. Mafundi, umeme na usafiri, laki mbili. Faida ingekuwa laki mbili, na kwa mtu wa Kariobangi hiyo ni karo ya mwaka na kubaki na kitu.

Kitambaa hakinunuliwi kwa LPO. Muuzaji wa Eastleigh anataka pesa mkononi. Basi Mama Sare akakopa laki tano, riba ya asilimia 2.5 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 12,500 kila mwezi, jua liwake au mvua inyeshe. Akashona, akapeleka, shuka zikahesabiwa, zikapokelewa, karatasi ikapigwa muhuri. Hiyo ilikuwa Februari 2023.

Fanya hesabu nami. Faida ya laki mbili ukiigawa kwa riba ya 12,500 unapata miezi 16. Maana yake kaunti ikikawia miezi 16, Mama Sare amefanya kazi bure. Ikipita hapo, yeye ndiye anayeilipa kaunti ili iendelee kulaza wagonjwa kwenye shuka zake. Baada ya miaka miwili riba peke yake ilikuwa laki tatu. Kila akienda ofisi ya fedha anapokewa kwa adabu kabisa. "Mum, pesa hazijatoka Hazina, rudi wiki ijayo." Akirudi, faili haionekani. Ikionekana, afisa aliyepaswa kutia sahihi amehamishwa. Aliuza ovaloki zote mbili na cherehani nne. Mafundi watano alikuwa amewaacha waende, mmoja akiwa amefanya naye kazi tangu karakana ifunguliwe. Mimi mwenyewe namdai ada ya miezi saba na simsukumi, kwa sababu najua hana. Ndivyo deni la kaunti linavyotembea. Limetoka kwenye ofisi yenye zulia, likapita kwa Mama Sare, likapita kwa mafundi, likafika hadi kwa kodi yangu ya nyumba.

Lakini kuna sehemu inayoniuma zaidi, na ni ya kisheria kabisa. Kwa mtu aliyeandikishwa VAT, ushuru haungojei ulipwe. Ukishapeleka bidhaa au kutoa ankara, umeshaingia deni, na tarehe 20 ya mwezi unaofuata unatakiwa uwe umelipa. Ankara ya milioni moja inazaa VAT ya 160,000. Ukiondoa 96,000 uliyolipa ukinunua kitambaa, zinabaki 64,000. Hizo unazipeleka kwa serikali, kwa mauzo ambayo serikali hiyohiyo haijalipia. Yaani anakula chakula chako, hakulipi, halafu anakudai ushuru wa chakula alichokula. Hata ukisamehewa adhabu ya kuchelewa, ushuru wenyewe bado unakungoja. Na usipokuwa na cheti cha kuonyesha umetimiza ushuru, huwezi kuomba tenda nyingine. Kwa hivyo aliyekufukarisha ndiye anayekufungia mlango kwa kosa la kuwa fukara.

Mtu ataniuliza, si aende kortini? Aende. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inazungumzia hata riba kwa malipo yaliyochelewa. Tuseme amepata wakili, ameshinda, hukumu anayo mkononi. Sasa asome kifungu cha 21(4) cha Sheria ya Mashtaka Dhidi ya Serikali. Kinasema mali ya serikali haikamatwi ili kulipa hukumu. Hutumi dalali kwa kaunti. Huchukui hata kiti. Itabidi urudi kortini upya uombe amri ya kumlazimisha afisa husika alipe, na wakili naye anahesabu masaa. Wakati huohuo, yule aliyekukopesha laki tano hana kizuizi kama hicho. Dalali wake anakujia na lori.

Sheria hiyo ina sababu yake ya asili. Hatutaki mtu abebe vitanda vya hospitali kwa sababu anadai pesa za rangi. Sawa. Lakini kinga iliyowekwa kulinda vitanda vya wagonjwa imekuwa godoro la maafisa kulalia. Mtu asiyeweza kuguswa huwa hana haraka.

Tuachane na tenda kidogo, maana najua kuna msee anasema, "Mimi sifanyi kazi na serikali, hayanihusu." Chukua muuzaji wa parachichi nje. Huyu ndiye kijana wa mabango: anafanya kilimo biashara, analeta dola nchini. Mkulima wa Murang'a anataka pesa yake taslimu, shambani, siku ya kuchuma. Mnunuzi wa Ulaya analipa mzigo ukishafika na kukaguliwa. Katikati kuna bahari. Tangu mwisho wa 2023, mashambulizi kwenye Bahari ya Shamu yalifanya meli nyingi zizunguke kupitia Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikaongezeka kwa kama wiki mbili. Parachichi haliko likizo ndani ya kontena, linaiva. Na dola nayo ilikuwa na mambo yake: Januari 2024 ilipita shilingi 160, kufikia mwisho wa Machi ilikuwa karibu 130. Aliyemlipa mkulima akitarajia dola ya 160 alipokea ya 130. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Ni biashara, na hatari ni yake.

Ila kuna pesa moja ambayo haina bahari wala Wahouthi. Bidhaa inayouzwa nje inatozwa VAT ya asilimia sifuri, na lengo ni zuri, kwamba tusisafirishe ushuru. Lakini njiani muuzaji analipa asilimia 16 kwenye maboksi, kwenye umeme wa chumba cha baridi, kwenye ukarabati wa mashine. Kwa kuwa hana wa kumtoza mwisho wa safari, sheria inasema arudishiwe. Pesa hiyo si ruzuku wala msaada. Ni yake. Na kwa miaka na miaka wauzaji wa maua, chai na mboga wamekuwa wakilia kwamba marejesho hayo yanachelewa, yanajadiliwa, yanakaguliwa upya, yanalimbikizwa. Ukiiangalia vizuri, kila muuzaji nje wa nchi hii anaikopesha serikali bila riba na bila kuulizwa. Pesa ambayo ingelipa wakulima wa msimu ujao imelala Hazina.

Akikosa hiyo, anaenda benki. Na hapa tunafika kwa mkopeshaji, ambaye mtaani tunapenda kumtukana. Hebu kaa kwenye kiti chake dakika moja. Februari 2024 serikali iliuza bondi ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa ushuru. Kwenye dawati lako kuna maombi mawili. Moja ni la serikali: 18.46, bila ushuru, inalipwa kwa tarehe. La pili ni la Mama Sare, na dhamana yake ni ankara ya kaunti isiyojulikana italipwa lini. Ungempa nani? Hata mimi ningempa serikali, na mimi ndiye ninayemjua Mama Sare.

Si mara ya kwanza. Agosti 2016 tulishangilia sheria ya kufunga riba: benki zisitoze zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake benki zikawafungia milango wafanyabiashara wadogo, zikabeba pesa zikaipa serikali, na wadogo wakasukumwa kwa mikopo ya simu. Sheria ikaondolewa Novemba 2019. Somo lilikuwa wazi: serikali ikiwa mkopaji mwenye njaa kuliko wote sokoni, wengine wote tunakula makombo. Halafu, mwaka 2024, mikopo isiyolipwa vizuri kwenye mabenki ilipita asilimia 16 ya mikopo yote, na wenye benki wenyewe wakataja malipo ya serikali yanayochelewa kuwa miongoni mwa sababu. Ona mzunguko. Serikali haimlipi mshonaji. Mshonaji halipi benki. Benki inaogopa washonaji. Benki inakimbilia kwa serikali. Na Mama Sare ndiye anayeenda CRB.

Ndipo sasa tunauliza kwa nini hakuna kazi. Utafiti wa Uchumi wa 2025 ulisema kazi mpya 782,300 zilipatikana nchini mwaka 2024, na 703,700 kati yake zilikuwa za jua kali. Kazi tisa kati ya kumi. Jua kali hiyo ndiyo akina Mama Sare, au fundi aliyeachwa na Mama Sare akaanza kuuza mitumba. Mwajiri mdogo anayetaka kufuata sheria ana kalenda kali. Kufikia tarehe 9 awe ameshapeleka PAYE na makato ya wafanyakazi. Ya nyumba ni asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na 1.5 nyingine kutoka mfukoni mwake. NSSF anachangia sawa na mfanyakazi. Tarehe 20 ni VAT. Sisemi bima na pensheni ni vitu vibaya. Fundi akiugua anahitaji hospitali. Nasema kalenda ina upande mmoja. Tarehe zetu zimeandikwa kwa wino, za kwao hazijaandikwa kabisa.

Nishasikia utetezi wao. Wa kwanza ni kwamba madai mengi ni hewa. Ni kweli kuna madai hewa. Kuna barabara zilizojengwa kwenye karatasi tu na kampuni zilizozaliwa wiki moja kabla ya tenda. Mwaka 2023 iliundwa kamati ya kuhakiki madeni ya serikali kuu, chini ya aliyekuwa Mkaguzi Mkuu, Edward Ouko, ichunguze madai ya kuanzia Juni 2005 hadi Juni 2022. Uhakiki ni jambo zuri. Lakini tafakari hizo tarehe. Deni la 2005 lina umri wa kuchukua kitambulisho na kupiga kura. Na aliyesaini karatasi ya kupokea bidhaa hewa ni nani? Ni afisa wa serikali. Mwizi alikuwa na mshirika ndani, mshirika analipwa mshahara kila mwisho wa mwezi, na anayengojeshwa ni mtu aliyepeleka shuka za kweli. Huwezi kumfunga mwenye duka kwa sababu mlinzi wako ni mwizi.

Utetezi wa pili: serikali haina pesa. Hapa naomba tuheshimiane. Juni 2024 kulikuwa na deni la Eurobond la dola bilioni 2 la kulipwa. Miezi ile dunia nzima ilikuwa inajiuliza kama Kenya itaweza. Ilikopa upya kwa riba ya zaidi ya asilimia 10, ikajikunja, ikalipa. Mwenye bondi aliye London hakuambiwa faili imepotea. Kwa nini? Kwa sababu akikosa kulipwa hata siku moja, nchi inaadhibiwa asubuhi yake. Kwa hivyo tusidanganyane kuhusu uwezo. Serikali huwalipa inaowaogopa kwanza, kisha wanaofahamiana nayo. Mama Sare hayuko kwenye orodha yoyote kati ya hizo mbili.

Na ndiyo maana hili ni letu, kizazi chetu. Ni sisi tunaoambiwa asilimia 30 ya tenda za umma zimetengewa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Tunakimbilia cheti cha AGPO, tunasajili kampuni na marafiki wawili, tunakopa kwa mjomba, tunapeleka mzigo. Halafu tunasota. Kumpa kijana tenda bila tarehe ya malipo ni kumkopa kwa lazima. Mkandarasi mkubwa anaweza kungoja miaka mitatu, ana miradi mingine na anajua mlango wa nyuma. Kijana aliyekopa kwa mjomba hawezi kungoja miezi mitatu. Fursa aliyopewa ndiyo inayomzika.

Ninachodai hakihitaji bilioni mpya wala kongamano. Kwanza, VAT ya mauzo kwa serikali idaiwe siku serikali inapolipa, si kabla. Pili, anayeidai serikali deni lililokwisha kuhakikiwa awe na haki ya kulitumia kulipia ushuru wake. Haki, si hisani ya afisa. Tatu, tuwe na sheria ya malipo kwa wakati. Muswada wa aina hiyo ulipelekwa Seneti mwaka 2020, na Bunge hilo likamaliza muda wake 2022 bila kuufanya sheria. Urudishwe, uwe na siku 90 na riba inayojihesabu yenyewe, na afisa aliyeagiza bidhaa bila bajeti alipe riba hiyo kutoka mshahara wake. Nne, kifungu cha 21(4) kifunguliwe. Vitanda vya hospitali, shule na dawa vibaki na kinga. Magari ya kifahari ya ofisi yasiwe nayo.

Juni 2024 tuliusoma Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Watu wakautafsiri kwa Sheng, kwa lugha za mama, kwa lugha ya ishara. Wengine walitoka barabarani na hawakurudi nyumbani. Hatukuwa wasomi wa uchumi. Tulikataa tu kuchoshwa na lugha ya karatasi. Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti ya kila kaunti kila robo mwaka, na ndani yake mna jedwali la madeni ambayo hayajalipwa, kaunti kwa kaunti. Tafuta yako. Andika ile namba kwenye simu yako. Kikao cha umma cha bajeti kikiitwa kwenu, usiende kuomba taa ya mtaa. Simama, soma namba hiyo kwa sauti, uulize: mnamdai nani, anawadai nani, na tarehe ya kulipa ni gani? Wakikuambia urudi wiki ijayo, rudi na watu.